Tao la Mlango wa Padri Quillinan

Nilimwapia kaka yangu Malachy kwamba mkono wa kulia wa Adam Gilfillan utavunjika kama wake ulivyovunjika, na kwamba mimi ndiye nitakayeuvunja. Niliapa mezani, mbele ya mama, viazi vikiwa bado vinatoa mvuke. Mama hakunikataza. Alisogeza tu chumvi upande wa kushoto wa Malachy, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa vibao na vitambaa, nao ulikuwa umevimba kama mkate.

Wakati huo tulikuwa tunamjengea Padri Quillinan nyumba, juu ya kilima cha Warrimook, ubavuni mwa kanisa. Watu wa mji walikuwa na maneno mengi juu ya nyumba ile. Walisema ni nyumba ya mtu mmoja na paka wake, lakini ina paa lililosimama wima kama la kanisa kuu, mabomba ya moshi marefu kuliko mnara wa posta, na madirisha membamba yaliyochongoka juu ambayo hata kichwa cha mbuzi hakipiti. Walisema padri anaogopa Mungu atapita juu ya Warrimook bila kumwona. Waseme wanavyotaka. Nyumba zao zilikuwa za mbao na mabati, na upepo wa kusini ulizitikisa meno. Ya padri ilikuwa ya jiwe letu la buluu, linalogeuka jeusi likilowa, gumu hadi patasi inalia. Nguzo za nje zilizoegemea kuta, madirisha, ngazi, hata mlango wa jikoni, kila kitu kilielekea juu. Ukisimama mbele yake ulihisi shingo inanyooka yenyewe.

Matao yake ndiyo yaliyotugombanisha. Tao la namna ile, lenye ncha, halina jiwe la katikati la kulifunga kama matao ya mviringo kule benki. Lina nusu mbili tu. Nusu hii inataka kuanguka, na ile inataka kuanguka, zinakutana juu zikianguka, na hapo hakuna inayoanguka tena. Kwa hiyo halijengwi na mtu mmoja. Mwashi mmoja hushika nusu yake na mwingine yake, na katikati yao kuna umbo la mbao linalobeba mawe mpaka tao liweze kujibeba. Sheria ni jiwe kwa jiwe. Ukiweka lako, unangoja mwenzako aweke lake. Ukimkimbia, yaani ukimtangulia, uzito unaelemea upande mmoja, mbao zinapinda, na kila kitu kinalala chini.

Malachy alikimbia.

Msimamizi wetu, mzee Rennie, Mskoti, alimweka makusudi mkabala na Gilfillan kwenye dirisha kubwa la sebule. Gilfillan alikuwa mtu wa Antrim, kaskazini mwa kisiwa tulikotoka sote kabla ya kuvuka bahari, Mprotestanti, mwanachama wa Waorenji wanaovaa mishipi ya rangi ya chungwa kila mwezi wa Julai na kupiga ngoma kushangilia jinsi babu zao walivyowapiga babu zetu. Sisi akina Tierney ni wa Clare, magharibi mwa kisiwa hicho hicho, Wakatoliki. Rennie aliamini kwamba mahasimu wawili huchonga vizuri kuliko marafiki wawili, na kuchonga walichonga. Lakini Malachy alikuwa amejigamba kantini kwamba atakuwa juu ya tao akinywa chai huku Mworenji akitafuta jiwe lake la tatu. Akaweka jiwe, akaweka lingine, hakungoja. Mbao zikalia. Mawe yakaanguka yote, yakamkuta Robert Mawhinney, shemeji yake Gilfillan, chini akikoroga chokaa. Daktari alimkata mguu kwenye goti.

Jioni ile ile Gilfillan alimkuta kaka yangu kwenye benchi lake la kuchongea. Alimshika kifundo, akaulaza mkono juu ya jiwe, akapiga nyundo ya chuma mara moja, akairudisha nyundo mahali pake, akaondoka kwenda hospitali kukaa na shemeji yake.

Najua Malachy ndiye aliyeanza, na siku ile niliyoapa nilijua pia. Lakini mguu wa Mawhinney ulivunjwa na mawe, na mkono wa kaka yangu ulivunjwa na mtu. Polisi hatukuwaita, kwa kuwa mambo ya waashi humalizwa na waashi.

Lilifuata tao la mlango wa mbele, la ukumbini, ambalo padri alilitaka pana na refu ili askofu apite na kofia yake bila kuinama. Rennie aliniweka mimi upande wa kushoto na Gilfillan kulia. Nadhani aliona haya kidogo, maana alizungumza akitazama viatu vyake. Alisema mwashi mwingine wa kulipandisha tao lile hana, na atakayefanya upuuzi juu ya jukwaa atamtupa chini yeye mwenyewe. Sikubisha. Nilifurahi.

Gilfillan alinitazama kuanzia kofia hadi buti. Alikuwa mtu mfupi, mpana, ndevu nyekundu zimeanza mvi.

"Wewe ndiye mdogo wake."

"Ndimi."

"Unakimbia kama yeye?"

"Nikikimbia utaniona nakuja, mzee."

Alicheka puani, akachukua timazi lake. Tangu hapo tulifanya kazi bila salamu. Niliweka jiwe, nikangoja. Aliweka lake, akangoja. Sijawahi kumtazama mtu kwa makini kama nilivyomtazama yule, hasa mikono yake. Ilikuwa na vidole vifupi vyenye makovu, na ilipogusa jiwe ililigusa taratibu, kama mtu anayempapasa farasi aliyeshtuka.

Nilikuwa nangoja jiwe la mwisho. Katika kazi yetu, tao la ncha likikaribia kufungwa, jiwe la juu la mwashi mkubwa kwa umri hukaa kwanza, na la mdogo huteremshwa kwa kamba kutoka kwenye kapi mpaka linaning'inia juu ya nafasi yake. Hapo mkubwa huingiza mkono mtupu katika ule mwanya na kupangusa kitako cha jiwe, pale litakapokaa, kwa kiganja. Brashi haitumiki, kwa sababu inaacha nywele, na jicho halioni chembe ya mchanga iliyojificha kwenye chokaa. Chembe moja ikibaki, jiwe hukaa juu yake badala ya kulala, na baada ya miaka tao linapasuka. Basi mkubwa hupangusa, mdogo hushika kamba, na mkono wa mmoja huwa chini ya jiwe la mwenzake. Waashi wamefanya hivyo tangu makanisa ya zamani kule ng'ambo. Ukikataa, wewe si mwashi, ni fundi wa mabanda ya kuku.

Mimi nilikuwa mdogo, Gilfillan mkubwa. Kamba ingekuwa yangu na mkono ungekuwa wake. Nilijua hivyo siku Rennie aliponipanga, na Gilfillan alijua vilevile. Malachy aliponiuliza nyumbani ni lini, nilimwambia ni siku ya kufunga.

Siku ya kufunga ikaangukia tarehe kumi na mbili Julai, siku kuu ya Waorenji. Huku kusini mwa dunia Julai ni majira ya baridi, na umande ulikuwa umeganda juu ya mawe, chokaa ilikorogwa kwa maji ya moto. Sheria ya serikali ilikataza Waorenji kuandamana barabarani, kwa hiyo walisema wanakwenda mandari. Mandari katikati ya baridi, na ngoma, na mishipi. Rennie alimwambia Gilfillan kwamba anaweza kupumzika leo, hakuna atakayemlaumu. Gilfillan akajibu kwamba usiku kuna barafu, tao lililo wazi litaingia maji na kupasuka, na nusu ya tao hili ni yake. Akapanda ngazi. Mshipi wake wa Kiorenji nadhani ulibaki kwake ndani ya sanduku.

Tulilipandisha jiwe langu asubuhi, mimi na vibarua wawili tukivuta kamba iliyozungushwa mara moja kwenye nguzo. Lilikuwa na uzito wa ng'ombe mchanga. Likaja likasimama juu ya mwanya, likizunguka polepole. Gilfillan akapaka chokaa, akakunja mkono wa shati, akanitazama. Kisha akaingiza mkono wake. Wa kulia.

Wa kushoto ungetosha. Aliuchagua ule makusudi, ili nijue kwamba anajua.

Hapo ndipo tuliposikia ngoma. Walipanda kilima wakisema wanakwenda mtoni, ingawa mto uko upande wa pili wa mji. Mbele alikuwa Copeland, mchinja nyama, kiongozi wa tawi lao, na ngoma kubwa tumboni. Walikuwa kama watu hamsini hivi, wamekwisha kunywa. Walikuwa wamekuja kuimba chini ya madirisha ya padri na kuondoka, kama kila mwaka. Lakini Copeland aliinua macho akamwona mwenzao juu ya jukwaa, tarehe kumi na mbili, akiujengea upapa mlango.

Ngoma ikanyamaza.

"Adam," alisema, bila kupaza sauti. "Shuka hapo."

Gilfillan alimwambia angoje, anapangusa.

Mtu wa nyuma alimwita Yuda. Mwingine akauliza kama padri anamlipa kwa rozari. Kisha kikaja kipande cha tofali, kikafuata kingine, halafu mawe tuliyochonga wenyewe, yale mabaki yaliyolala uani. Vibarua wangu walikuwa watu wa kulipwa kwa siku. Waliachia kamba wakaruka chini upande wa kanisa. Uzito wote ukanijia mara moja. Kamba ilikimbia ndani ya viganja vyangu, nikasikia ngozi ikitoka kabla sijasikia maumivu, nikajitupa kinyumenyume nikajibana na nguzo. Jiwe lilisimama. Lilikuwa limeshuka mpaka ungeweza kupitisha mkono mtupu tu, kwa shida.

Na mkono ulikuwa mle. Wakati ule ule jiwe lililotupwa kutoka chini lilimpiga Gilfillan juu ya sikio. Alianguka kifudifudi juu ya tao lake, macho wazi yasiyoona kitu, damu ikichuruzika kufuata ndevu, na mkono wake wa kulia ndani ya mwanya hadi kifundo.

Nilichotakiwa kufanya ni kufungua vidole tu. Hakuna ambaye angenilaumu, watu hamsini walikuwa wananipiga mawe. Padri angesema ni ajali, Rennie angesema ni ajali, na Malachy peke yake angejua. Nilikuwa nimeapa. Tofali moja lilinipiga bega, lingine mdomoni, nikameza kipande cha jino. Kamba ilikuwa imelowa damu yangu ikateleza kidogo, nikaizungusha kwenye mkono na kuuma meno yaliyobaki.

Sikumwonea huruma, asije mtu akadhani hivyo. Nilikuwa na hasira iliyotosha kuchoma mji. Ile hesabu ilikuwa kati ya mtu wa Clare na mtu wa Antrim, nami nilikuwa nimeingoja jiwe kwa jiwe, halafu mlevi na kipande cha tofali anataka kuimaliza kwa niaba yangu. Mkono ule ulikuwa wangu kuuvunja. Nisingekubali uvunjwe na Copeland.

Nikapaza sauti, nikamwita kwa jina lake, nikamtukana, nikamtukana mama yake na mfalme wake wa zamani, yule wa Waorenji, aliyepanda farasi mweupe kuwapiga babu zetu. Jina la mfalme ndilo lililomwamsha. Akapepesa macho. Akautoa mkono taratibu, mzima, akaufungua na kuufunga. Kisha akainama kutazama mwanya, akaona kwamba damu yake imedondokea juu ya chokaa.

Akaurudisha mkono.

Mawe yalikuwa bado yanakuja. Alikipangusa kitako kile chote, kutoka nyuma kuja mbele, akatupa chokaa iliyochafuka, akapaka nyingine, akapangusa tena. Kamba ilikuwa inazama ndani ya nyama yangu, na kapi linagonga. Hakuharakisha hata kidogo. Alipomaliza alisema, "Shusha."

Nikashusha. Jiwe likalala. Tao likafungwa.

Chini walikuwa wamepata akili mbaya zaidi. Copeland aliona kwamba mbao zinazobeba tao zimesimama juu ya mihimili miwili tu, na kwamba chokaa bado ni uji. Wakafunga kamba kwenye mhimili wa kulia ili wauvute. Tao lingeanguka, nasi tungeanguka nalo. Gilfillan alichungulia, akachukua nyundo yake ya mbao, akaruka kutoka juu ya jukwaa moja kwa moja juu ya Copeland. Ngoma ilipasuka na kichwa cha mchinja nyama kikaingia ndani yake hadi masikio. Mtu aliyekuwa karibu alivunjwa kiwiko. Mwingine alipigwa tumboni, akakaa chini kama mtoto. Walikuwa watu wa chama chake, wengine walikuwa wamesimama harusini kwake, naye aliwapiga wote sawasawa, mgongo ukiwa kwenye mhimili, akiwauliza mmoja mmoja kama ni wao walioweka jiwe hata moja katika mji huu.

Nilishuka. Sikuweza kufunga ngumi, kwa hiyo nilitumia paji la uso, magoti na buti. Nilimpiga mtu kichwa nikasikia pua yake ikisagika. Mtu aliniuma sikio. Ninalo bado, lakini si lote. Padri Quillinan, aliyekuwa amekwisha kuhamia upande wa nyuma wa nyumba, alitoka mlango wa jikoni na chuma cha kuchochea moto na hakusema lolote la Injili. Walijaribu kuingia ndani wavunje vyombo, wakaishia kwenye yale madirisha waliyoyacheka miaka yote, mabega yamekwama kati ya nguzo za mawe, naye padri ndani akiwagonga vidole kimoja kimoja. Rennie alipofika na waashi kutoka machimboni, uwanja ulikuwa umejaa kofia na meno. Waorenji waliteremka kilima bila ngoma.

Tukabaki tumesimama chini ya tao, mimi na yeye, kila mmoja kwenye mhimili wake. Damu ilikuwa imemfumba jicho moja. Aliulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kizingiti, vidole wazi.

"Haya, Tierney," alisema. "Ulikuwa unaungoja."

Niliinama kuokota nyundo. Vidole vyangu havikufunga. Nilijaribu mara ya pili, nyundo ikaanguka. Viganja vyangu vilikuwa nyama tupu, kamba imeacha nyuzi zake ndani. Gilfillan aliitazama mikono yangu, akaondoa wake pale kizingitini. Hakunishukuru. Angenishukuru ningemwuma.

Nyumbani mama alinipaka mafuta ya kondoo akanifunga vitambaa hadi vifundoni. Hapo ndipo Malachy alipoingia. Alikwisha kusikia yote. Warrimook ni mji mdogo. Aliketi mkabala nami, akaulaza mkono wake uliovunjika juu ya meza, karibu na yangu miwili.

"Nilikutuma ulete mkono wake," alisema, "umeniletea yako."

Alicheka, lakini si kicheko cha kuchangia, akaninywesha chai kwa kijiko kwa mkono wake wa kushoto, akiimwaga kidevuni kwangu nusu yake makusudi.

Chokaa ilikauka. Ikafika siku ya kuondoa mbao, na kwa desturi yetu wanaozigonga kabari zilizobana mbao ili zitoke ni wale wale wawili waliofunga tao, mmoja kila upande, wakigonga kwa zamu, ili lishuke sawasawa likae. Mmoja akishindwa, ndugu yake wa damu humshikia nafasi, si mwingine. Vitambaa vyangu vilikuwa bado havijafunguliwa. Rennie alisema tungoje mwezi mwingine. Malachy alivaa kofia.

Alisimama upande wangu, nyundo katika mkono wa kushoto. Gilfillan akasimama upande wake, bandeji kichwani. Robert Mawhinney alikuwa ameletwa kwa mkokoteni, na mguu wake mmoja, atazame. Hakuna aliyesogea. Wote tuliowafahamu wale wawili tulikuwa tunapiga mahesabu ya nani atampiga nani kwanza, na padri alikuwa amekwisha kufungua chupa ya mafuta ya wagonjwa.

Gilfillan akagonga kabari yake. Akangoja.

Malachy alimtazama. Mkono wa kushoto haukuzoea. Pigo lake lilikwenda mshazari. Akagonga tena, kabari ikasogea kama ya mwenzake. Akangoja. Gilfillan akagonga. Malachy akagonga. Walikwenda hivyo, pigo kwa pigo, macho yao hayakuachana hata mara moja, wala kaka yangu hakumkimbia hata kwa unene wa karatasi. Mbao zikalegea. Juu yetu tao lilitoa sauti ndogo, kama mtu mzee anayeketi, likashuka kidogo sana, likakaa. Vumbi likatuangukia mabegani. Mbao zikatolewa, na badala yake tukaona mbingu, imekatwa kwa ncha.

Malachy aliweka nyundo yake chini, kwa utaratibu, mahali pake. Akatembea chini ya tao mpaka upande wa pili, akampiga Gilfillan ngumi ya kushoto mdomoni, kwa nguvu zote za wiki alizokaa mezani akitazama chumvi. Gilfillan alianguka chali juu ya kizingiti. Waashi wa pande zote mbili walishika vyuma vyao. Mawhinney aliinuka kwenye mkokoteni, akishikilia ubao.

Gilfillan aliketi. Alitema jino kwenye kiganja, akaligeuza huku na huku, akalitia mfukoni mwa kizibao.

"Kesho tunaanza dirisha la ngazi," alisema, kwa mdomo uliokwisha kuvimba. "Nani upande wa pili?"

Malachy alikuwa anatikisa ngumi yake, inamuuma.

"Mimi," alisema.

"Kwa kushoto?"

"Kwa kushoto. Na wewe usinikimbie."

Gilfillan alisimama, akajipangusa vumbi, akapita chini ya tao kwenda kutafuta timazi lake.